Msimwage kilichomo mtegoni: barua ya wazi kuhusu inzi wa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Kwa wakuu wa idara za afya na kilimo. Kwa wasimamizi wa bandari ya Kilindini na wakaguzi wa mimea waliopo hapo. Na kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kwenu. Tunawaandikia kuhusu inzi, na tunaomba barua hii isiwekwe kando kwa sababu ya neno hilo.

Mtego wa mbu ukifunguliwa asubuhi, au kopo la kunasia inzi wa matunda likishushwa kutoka mwembeni, mwenye kazi huwa anatafuta mdudu mmoja. Anamhesabu, anaandika idadi, na kilichobaki kwa kawaida humwagwa. Ombi letu la kwanza, ambalo tungeshukuru mkilikubali hata mkikataa mengine yote, ni kwamba hicho kinachobaki kisimwagwe. Kitiwe kwenye spiriti, kiandikiwe lebo, kipewe rafu. Humo ndimo wamo inzi ambao bado hawana jina, na humo pia ndimo atakamoonekana mgeni siku atakayoingia, kabla hajajulikana kuwa ni mgeni.

Pwani yetu inalijua jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 2003 mitego ya Pwani ya Kenya ilinasa inzi wa matunda ambaye bara hili halikuwahi kumrekodi. Alifanana na kundi la inzi wa Asia, lakini rangi ya mgongo wake ilikuwa inabadilika mno, kutoka hudhurungi nyekundu hadi nyeusi, hata wataalamu wakaona hawezi kuwa yule wanayemjua. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya na kuitwa Bactrocera invadens. Kwa miaka kumi iliyofuata nchi zilitunga masharti ya mipakani kwa jina hilo. Kisha mwaka 2015, baada ya watafiti wa nchi nyingi kupima sehemu za uzazi za madume, kulinganisha vinasaba, kuchunguza harufu zinazotolewa na madume, na kuwapandisha inzi wa Afrika na wa Asia ili kuona kama watazaa vizazi vyenye afya, ikathibitika kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Jina la 2005 likafutwa, maana sheria ya majina ya wanyama hulipa kipaumbele jina lililotangulia.

Wako watakaosema: basi ilikuwa kazi bure. Hapana. Jina la mdudu ndilo linaloamua ni chambo gani kitamvuta, ni adui gani wa asili aletwe kumpunguza, ni tunda lipi lizuiwe bandarini na lipi lipite. Ukijua kwamba ni dorsalis, unarithi maarifa yote ambayo Asia na Hawaii wameyakusanya juu yake. Mkulima wa embe ndiye aliyelipa gharama ya muda huo wote. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza embe Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda, na soko hilo likafunguliwa tena mwaka 2021. Na jambo ambalo tungependa mlishike ni hili: mjadala ule haukumalizwa kwa hoja peke yake. Ulimalizwa kwa sababu kulikuwa na inzi waliohifadhiwa, wenye lebo za mahali na tarehe, ambao mtu angeweza kuwatoa kwenye sanduku na kuwapima upya. Wangekuwa wamemwagwa, tungekuwa bado tunabishana.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Inzi aliyeitwa Ceratitis rosa kwa zaidi ya karne moja, anayeshambulia mapera na matunda mengine, alionekana kuwa na tabia mbili: wako waliostawi nyanda za chini zenye joto na wako waliostawi milimani kwenye baridi. Ilidhaniwa kwamba ni hali ya hewa tu. Mwaka 2016, kwa kuangalia umbo la mguu wa kati wa dume, mabuu na vinasaba, wa milimani akatengwa na kupewa jina lake, Ceratitis quilicii. Kwa hiyo mahali pamoja spishi mbili zimegeuka kuwa moja, na mahali pengine moja imegeuka kuwa mbili. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo liko mbele yako kwa kumtazama inzi mmoja aliyekauka dirishani.

Tuseme kidogo inzi ni nani, kwa sababu neno lenyewe hupotosha. Inzi wa kweli ana mbawa mbili, si nne. Pale ambapo nyuki ana jozi ya pili, inzi ana vijiti viwili vyenye vichwa kama njiti za kibiriti, vya kumsawazisha akiruka. Kwa kipimo hicho mbu ni inzi, usubi ni inzi, mbung'o ni inzi, chafuo ni inzi. Spishi zenye majina duniani ni karibu 160,000, na kila mwenye kazi hii anajua kwamba zisizo na majina ni nyingi kuliko hizo. Hazijifichi mbali. Nchini Singapore, mitego ya hema iliyowekwa kwenye mikoko ya kisiwa kile kidogo, kisha wadudu wakapangwa kwa vinasaba, ilitoa zaidi ya spishi 3,000 za wadudu kwenye mikoko peke yake. Mikoko ya Tudor, ya Mikindani na ya Port Reitz nayo ina matope, ina maji chumvi, ina kivuli na majani yanayooza. Pale juu ya tope, maji yakikupwa, utaona inzi wadogo wa miguu mirefu, kijani ya kung'aa kama shaba iliyosuguliwa, wakiwinda vidudu vidogo zaidi. Familia yao ni Dolichopodidae, na madume hutofautishwa kwa mapambo ya miguuni ambayo bila hadubini huyaoni. Tukiulizwa pa kuanzia kutafuta spishi mpya Mombasa, tutaelekeza pale.

Na mbu je? Idara ya afya ituvumilie kidogo hapa. Yule aliyeitwa Anopheles gambiae alidhaniwa kuwa ni mbu mmoja mpaka majaribio ya kupandisha yalipoonyesha kwamba ni ndugu kadhaa wanaofanana. Mmoja wao, Anopheles merus, huzaliana kwenye maji ya chumvi chumvi ya ukanda huu wa bahari. Wengine hutaka maji baridi. Ukimwaga dawa kwenye madimbwi ya mvua ilhali anayeuma mtaa ule ni merus, umetibu mguu usiouma. Rabai, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ni maarufu kwa watafiti wa mbu duniani kwa sababu moja: Aedes aegypti wa nyumbani, anayetaga kwenye mitungi ya maji na kupenda damu ya binadamu, aliishi karibu na mwenzake wa msituni, anayetaga kwenye matundu ya miti na kupenda wanyama. Ni huyo wa nyumbani ambaye ni hatari zaidi kwa dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyaonja.

Sasa kuna Anopheles stephensi. Ni mbu wa malaria wa mijini, asili yake Asia, ambaye alirekodiwa Djibouti mwaka 2012 na ambaye Kenya ilitangaza mwaka 2023 kwamba amepatikana Marsabit. Huyu hutaga kwenye matangi, mapipa na mitungi. Mji wetu, ambao kila paa lina tangi na kila nyumba ina madumu kwa sababu ya shida ya maji, ni kama umeandaliwa kwa ajili yake, na bandari tunayo. Vitabu vya zamani vya kutambua mbu wa Afrika havimtaji, kwa hiyo anayevifuata hatua kwa hatua atafika kwenye jina la mbu mwingine na kuandika hilo. Kosa la namna hiyo hurekebishika kama mbu mwenyewe bado yupo kwenye kichupa. Kama kimebaki kijitabu cha idadi tu, halirekebishiki.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba kuhifadhi ni gharama na ni ufundi wa wachache. Tueleze basi kazi yenyewe ilivyo, ili mwenye kuamua aamue akijua.

Mtego mkuu wa kukamatia inzi wa aina zote ni mtego wa hema, uliobuniwa na Msweden René Malaise katika miaka ya 1930. Ni hema la chandarua lililo wazi pande zote mbili, lenye ukuta katikati. Inzi akigonga ukuta hupanda juu kuelekea kwenye mwanga, na kule juu kabisa amewekewa chupa. Huwekwa ukuta ukikata njia ya kurukia, yaani kati ya kichaka na uwazi, au kuvuka kijia. Upande wa chupa uelekee penye jua. Ukiuelekeza kivulini, mavuno hupungua. Chupa ya mililita 500 hujazwa ethanoli ya asilimia 95 au 96 mpaka theluthi mbili, na hubadilishwa kila baada ya siku saba. Kwa joto letu, hasa wakati wa kaskazi, spiriti hupungua haraka. Siku ya tatu au ya nne mtu aende kuongeza, la sivyo wadudu wa juu huoza na wa chini hubaki wazima, na mchanganyiko huo hauna faida kwa kazi ya vinasaba.

Kwenye mikoko tatizo ni maji. Anayetundika mtego wakati wa maji mafu, akaona pakavu na kufurahi, akirudi siku za bamvu atakuta hema limelala na chupa imejaa maji ya bahari. Kwanza atafute alama ya bamvu kwenye magogo, mstari wa tope na takataka, kisha chupa na sehemu ya chini ya ukuta vikae juu ya mstari huo. Wakati wa kusi kamba zifungwe mara mbili. Kamba zote zipakwe grisi kiasi cha upana wa kiganja, maana sisimizi waitwao majimoto hupanda na kubeba inzi mmoja mmoja kutoka kwenye chupa, na hawachagui: humchukua yule laini, na mara nyingi laini ndiye aliye adimu. Mbuzi na tumbili nao huharibu chandarua. Kwa hao hakuna dawa ila mlinzi wa jirani anayelipwa.

Mabakuli ya njano ni rahisi zaidi. Maji, matone mawili ya sabuni ya vyombo ili inzi azame, na konzi ya chumvi ili asioze upesi. Yawekwe chini, bakuli kumi kwa mstari, mita tatu tatu. Penginepo huachwa saa 24. Hapa tunasema yachujwe asubuhi na jioni, kwa sababu inzi aliyekaa mchana kutwa kwenye maji ya Mombasa huvimba na kupoteza nywele, na nywele za kifuani ndizo tunazosomea.

Kwa inzi wa matunda, kopo lenye methili yujenoli linawaita madume wa Bactrocera dorsalis, lakini halimwiti Ceratitis cosyra wa embe wala inzi wa matikiti, Zeugodacus cucurbitae. Kwa hiyo mtego wa chambo kimoja ni shahidi wa mdudu mmoja. Njia inayotoa mengi ni kuokota matunda. Embe, mapera, mabungo, kungu zilizoanguka chini ya mikungu ya barabarani: matunda yaokotwe, kila aina na kila mti kwa mfuko wake, yapimwe uzito, yawekwe juu ya wavu kwenye beseni lenye mchanga wenye unyevu, wa kina cha sentimita mbili au tatu. Mabuu yakishiba hujitupa mchangani na kugeuka pupa. Mchanga uchekechwe kila baada ya siku mbili tatu, pupa ziwekwe kwenye kikopo chenye kitambaa, na kwa kawaida baada ya siku kumi hivi inzi hutoka.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Inzi aliyetoka leo ana rangi hafifu na mbawa laini. Ukimuua siku hiyo hiyo, michirizi ya manjano kifuani haijakaa, umbo la fumbatio, yaani tumbo, halijanyooka, na utamwita spishi ambayo siye, au utadhani umepata mpya. Apewe sukari na maji aishi siku nne au tano, ndipo auawe kwa baridi kwenye friza. Nyigu wadogo watakaotoka kwenye pupa badala ya inzi nao wahifadhiwe kwa lebo ile ile. Hao ndio maadui wa inzi, na kuna nchi zinazotumia fedha nyingi kuwatafuta.

Kuhusu spiriti, tunaomba idara za ununuzi zisome aya hii mara mbili. Asilimia 70 hutosha kwa mdudu wa kuangaliwa kwa macho. Kwa vinasaba ni 95 au zaidi, na chupa ikae mahali pa baridi. Wadudu wasizidi theluthi moja ya chupa, na baada ya saa 24 za kwanza spiriti ibadilishwe, kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Formalini isitumike kabisa: huharibu vinasaba na kuufanya mwili mgumu kama udongo uliochomwa. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi humpaka mdudu rangi hiyo, na rangi ni sehemu ya utambulisho wake. Lebo iandikwe kwa penseli au kwa wino usioyeyuka, juu ya karatasi nene, na iingie ndani ya chupa. Kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya spiriti. Lebo iliyogundishwa nje hudondoka. Iandikwe nchi, kaunti, mahali, latitudo na longitudo, tarehe ya kutega na ya kutegua, aina ya mtego, na aliyekusanya. Inzi asiye na lebo, hata awe mzuri namna gani, ni takataka.

Baada ya hapo huja kazi ya mezani. Wadudu hugawanywa kwanza kwa makundi, kisha familia, kisha wanaofanana pamoja, kwa hadubini ya kukuza mara 10 hadi 80. Chupa ya wiki moja ya masika hutoa maelfu ya wadudu, na kwa mpangaji mzoefu ni kazi ya siku kadhaa. Huwezi kumwachia mwanafunzi aliyekuja kwa likizo ya wiki tatu. Inzi wadogo watolewe kwenye spiriti kwa uangalifu, maana wakiachwa wakauke wenyewe hujikunja macho na fumbatio. Kila dume anayeshukiwa kuwa mpya hukatwa ncha ya fumbatio, ikalowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, usiku kucha bila moto au dakika chache kwa joto la taratibu, mpaka nyama iyeyuke na mifupa ya nje ibaki. Ikizidishwa, sehemu hizo hugeuka kioo na huoni kitu. Inasuuzwa kwa maji yenye siki kidogo, inatiwa kwenye gliserini, inachorwa, kisha inawekwa kwenye kichupa kidogo kinachochomwa kwenye pini ile ile ya inzi mwenyewe, ili visitengane milele. Mguu mmoja hukatwa kwa ajili ya vinasaba, ambapo husomwa kipande cha herufi 658 cha jeni iitwayo COI.

Kipande hicho ni msaada mkubwa, lakini si hakimu. Katika kundi la Bactrocera dorsalis hakiwatofautishi ndugu wote. Na kwingineko spishi moja inaweza kuonyesha tofauti kubwa kutoka Lamu hadi Vanga bila kuwa spishi mbili. Anayetangaza spishi mpya kwa vinasaba peke yake, au kwa jike mmoja, au kwa rangi tu, anawaachia wenzake kazi ya miaka ya kufuta. Sisi tunapendelea kusubiri. Madume kadhaa, majike kadhaa, kutoka zaidi ya mahali pamoja, na kulinganisha na vielelezo vya asili, yaani wale inzi hasa ambao majina ya zamani yalifungwa kwao. Vingi vya vielelezo hivyo vya Afrika Mashariki viko London, Tervuren nchini Ubelgiji, na Pietermaritzburg Afrika Kusini.

Ikithibitika kuwa ni mpya, jina hutolewa kwa kanuni za kimataifa, ambazo huhesabu majina kuanzia mwaka 1758. Maelezo yachapishwe, inzi mmoja ateuliwe wazi kuwa holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina hilo jipya linafungwa kwake, na itajwe ni jumba gani litamtunza, na kama uchapishaji ni wa mtandaoni tu, ambao unakubaliwa tangu 2012, usajiliwe kwenye ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama. Msimamo wetu kuhusu holotaipu hauna siri: inzi aliyetoka Port Reitz holotaipu wake abaki Kenya. Mormotomyia hirsuta, inzi mwenye manyoya kama buibui na mbawa zisizoruka, aliyepatikana kwenye mwamba wa Ukasi upande wa Garissa akiishi kwenye kinyesi cha popo, alielezwa London mwaka 1936, akaonekana tena 1948, kisha asionekane mpaka 2010. Kati ya miaka hiyo, Mkenya aliyetaka kumwona kwa macho yake hakuwa na njia nyepesi.

Waheshimiwa, tunachoomba kinaingia kwenye bajeti moja ndogo. Chumba kimoja, mita nne kwa tano, ndani ya jengo la umma ambalo tayari lina mlinzi. Kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa vinavyokwenda usiku na mchana, unyevu usizidi asilimia 50, kwa sababu hewa ya Mombasa huotesha ukungu juu ya inzi wa pini ndani ya wiki chache, na baada ya ukungu huja mbawakawa wadogo walao wadudu waliohifadhiwa. Stima ikikatika, betri au jenereta ishike. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri; kila sanduku linaloingia lilale humo wiki nzima kabla ya kupandishwa rafuni. Hadubini mbili za mezani na moja ya kukuza mara 400. Makabati ya chuma ya droo zinazofunga vizuri. Wapangaji watatu wa kudumu, si vibarua wa miezi mitatu, kwa kuwa jicho la kazi hii hujengwa kwa miaka. Mitego sita ya hema: miwili mikokoni, mmoja Nguuni, mmoja karibu na jaa la Mwakirunge, mmoja kwenye miembe ya Likoni na mmoja jirani na bandari. Tukikadiria nusu lita kwa kila mtego kila wiki, mitego sita ni lita 156 za ethanoli kwa mwaka. Kwa kuwa spiriti hubadilishwa baada ya siku ya kwanza, hesabuni lita 312, na za kuongezea wakati wa joto mfike 350. Tunaomba kibali kimoja cha pamoja cha kununua ethanoli isiyotiwa rangi, ili kila mradi usianze upya.

Vibali vya utafiti navyo vinahitaji mkono wenu. Kukusanya inzi kihalali kunapita NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, KWS, shirika la wanyamapori, na, pale vinasaba vinapohusika, NEMA, mamlaka ya mazingira. Na kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ruhusa ya wazee huja kabla ya karatasi zote. Hatuombi hatua hata moja iondolewe. Itifaki ya Nagoya ipo ili mali ya viumbe vyetu isichukuliwe bila sisi, na tunaiunga mkono. Tunachoomba ni afisa mmoja wa kaunti anayejua mpangilio huo, ambaye mwanafunzi wa chuo cha hapa Mombasa anaweza kumwendea na kuondoka akijua aanze wapi, na mkataba wa kudumu na Makumbusho unaosema wazi kwamba nakala za kila spishi zibaki Mombasa na holotaipu ziende Nairobi.

Kwa wakaguzi wa bandarini: mabuu mnayoyakuta kwenye tunda lililozuiwa, kabla tunda halijachomwa, matano yatumbukizwe maji ya moto yanayokaribia kuchemka kwa sekunde chache ndipo yaingie kwenye spiriti. Yakiingia yakiwa hai huwa meusi na hayasomeki. Mengine matano yaende moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa idara ya afya: mitego ya mbu ikishafunguliwa na mbu kuhesabiwa, kilichobaki kitiwe ndani ya kichupa cha mililita 50 chenye spiriti na karatasi ya penseli. Chumba kikiwa bado hakijapatikana, vichupa hivyo vinaweza kukaa kwenye jokofu la kawaida kwa miezi bila kuharibika.

Msimu mkubwa wa embe huanza Novemba, na mitego ya matunda hutundikwa kabla ya hapo. Vichupa vyenye vifuniko vya kuzungusha tunavyo, na karatasi za lebo zimekwisha kukatwa. Tuambieni tuvilete mlango upi.

Sisi wakusanyaji na wapangaji wa wadudu,
Mombasa